Kifurushi Kilichoandikwa Kipo

Kila Jumamosi asubuhi, Chapchap alimsaidia shangazi yake, fundi wa kompyuta wa shule. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa hakujua kungoja hata chai ipoe.

Jumamosi ile kompyuta ya Mwanasheria ilikuwa inasakinishwa upya. Mwanasheria, kama walivyomwita msichana bingwa wa kubishana darasani, alikuwa haoni. Kompyuta hiyo ndiyo iliyomsomea maswali, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa Jumatatu. Asipoufanya, angerudia mwaka.

"Shangazi, tuanze na programu ya kusoma. Si ndiyo tunayoitaka?"

"We mtoto! Kisakinishi, programu inayoziweka hizo nyingine, hakikurupuki. Kila kifurushi, yaani programu moja na mafaili yake, kinakuja na orodha ya vile kinavyovitegemea. Kisakinishi husoma orodha zote, kisha huanza na kile kisichotegemea kingine. Programu ya kusoma inategemea kifurushi cha sauti, kwa hiyo sauti itatangulia. Ukiona kinasubiri, kiache."

Shangazi akaenda ofisini. Kifurushi cha sauti kikapakuliwa kutoka mtandaoni kwa mwendo wa kukera. Kilihitaji saa nzima. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba, wanamwita. Uvumilivu ukamwishia. Aliwahi kumwona shangazi akikiarifu kisakinishi kwamba kifurushi fulani tayari kimo ndani. Naye akaandika kwamba sauti ipo. Kisakinishi kikamwamini, kikaendelea na vingine mpaka mwisho, bila kulalamika.

"Tayari!" akamwambia shangazi, akatimua mbio.

Mchana Mwanasheria alikuja kujaribu, Chapchap naye akiwa amerudi kutoka kucheza. Akavaa spika za masikioni, akabonyeza, akangoja. Kimya. Shangazi akakagua orodha: sauti ipo. Akafungua mashine, akachomoa nyaya, akazirudisha. Kimya vilevile.

"Labda kifaa cha sauti kimekufa," alisema kwa unyonge. "Kingine hatukipati kabla ya Jumatatu."

"Basi nitarudia darasa," Mwanasheria alisema. Hakubisha hata kidogo.

Chapchap alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kifaa ni kizima," alisema, akisogea kwenye mashine. "Ni mimi. Niliandika sauti ipo, na haipo."

"Loo! Muda wote huu unaniona nimekaa hapa, umenyamaza?" Mwanasheria alifoka.

Shangazi alimwonyesha Chapchap kiti, akafuta neno lile la uongo, akaanza kazi upya kwa kisakinishi kilekile. Safari hii Chapchap alikaa saa nzima bila kuinuka. Hatimaye sauti ikasikika: "Swali la kwanza."

"Inasoma mbio mno," Mwanasheria akabisha. "Ipunguzeni!"

Chapchap aliangua kilio. "Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira."

Shangazi alimfuta machozi, lakini hakumbembeleza.

"Kisakinishi hupanga kazi yote kwa kuamini kilichoandikwa, mwanangu. Ukikidanganya mwanzoni, vyote vinavyofuata vinakaa juu ya uongo, na mimi nahangaika na nyaya zisizo na kosa. Umefanya vyema kusema kweli. Ila ujue, ulikataa kungoja saa moja, ukataka kumngojesha mwenzako mwaka mzima."