Siku Nane za Edmund

Kila jioni Edmund aliliingiza gari lake aina ya Noah bandani, akaliegesha ubavuni mwa magunia ya mahindi, akafunga kufuli. Pale kijijini Kalenga wengi hufanya hivyo. Gari na mahindi vyote ni mali, na wezi wapo.

Lakini siku hizo hakuwa na raha. Mama yake, Anjela, alikuwa Mbeya, mtaa wa Soweto, kwa mjomba Jailos. Hospitali ilimruhusu kwa sababu tiba ilikuwa imefika mwisho. Mama alikuwa na ombi moja tu: "Nirudisheni Kalenga, nikafie nyumbani kwangu." Kukaa kwenye basi hawezi. Ilibidi alazwe ndani ya Noah.

Asubuhi ya safari ya kwenda kumchukua, hata mjini Iringa hawajafika, mshale wa spidi ukaanguka kwenye sifuri huku gari likitembea. Taa ya injini ikawaka. Gia zikaanza kuingia kwa kishindo.

"Baba Tekla, kwa hali hii tutafika kweli?" mkewe Goodness aliuliza.

Edmund aligeuza gari, wakarudi nyumbani.

Fundi wa jirani alichomeka mashine ya kupimia. Mashine ikataja sensa ya spidi, kile kifaa kinachopima mwendo wa gari. Edmund akanunua sensa, ikafungwa, mshale ukabaki palepale. Akasema hiyo ni feki, akaagiza nyingine, akangoja tena, nayo haikusaidia. Jamani, huyu bwana alikuwa mbishi! Siku saba zikaisha hivyo, na kila jioni mjomba Jailos alipiga simu.

"Mama anauliza mmefika wapi."

Siku ya nane Edmund alijikongoja na gari lake hadi dukani kwa Taher, muuza spea wa Iringa mjini.

"Nipe sensa ya tatu."

"Sikuuzii," Taher alisema. "Umepima waya?"

"Mashine imesema sensa."

"Mashine imesema habari za spidi hazifiki. Haijasema zimekwama wapi. Taa ya nyumbani ikizimika, utabadilisha balbu mara tatu bila kuangalia waya?"

Taher akatoka na mita ya kupimia umeme. Akachomoa plagi ya sensa, akamwambia Edmund afungue swichi bila kuwasha injini.

"Waya ziko tatu. Huu unaleta umeme. Huu ni ethi, unaurudisha. Huu unapeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Tunapima mmoja mmoja."

Ethi ilikuwa nzima. Kwenye waya wa umeme, mita ilisoma sifuri.

"Umeona? Hata ufunge sensa mia, hazina umeme."

Waliufuata ule waya kwa vidole, polepole. Karibu na gia boksi wakakuta umetafunwa. Pembeni palikuwa na pumba za mahindi na mavi ya panya.

"Unaegesha wapi?"

"Bandani. Pamoja na mahindi."

Taher akaunga waya, akauzungushia tepu, akapima tena. Umeme ukaja. Kisha akarudisha sensa ya zamani, ile iliyokuja na gari, ambayo Edmund alikuwa bado nayo. Walipozunguka na gari, mshale ukapanda vizuri na gia zikaingia taratibu. Sensa ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kazi yote haikuchukua hata saa mbili.

Kesho yake walimleta mama. Alilazwa chumbani kwake, karibu na dirisha.

"Mbona mmechelewa hivi, mwanangu?"

"Gari, mama."

Mama alimshika mkono. Alikaa nyumbani kwake siku mbili, akafariki.

Baada ya matanga, Edmund aliyatoa mahindi bandani, akayajengea kichanja kirefu mbali na gari. Kila Jumamosi hufungua boneti na kukagua waya. Mwaka huu haujaguswa hata mmoja.

Juzi jirani yake Aroni alikuja, taa ya injini ya gari lake inawaka. Alitaka kujua sensa zinauzwa wapi.

"Usinunue kitu kwanza," Edmund alimwambia. "Lete gari, tupime waya."

"Itachukua muda gani?"

"Muda mfupi tu," Edmund alisema. "Mimi ningeupima waya siku ile ya kwanza, ningekaa na mama siku kumi. Nilikaa naye mbili."