Vitenge vya Mazishi ya Mzee Emile

Kila asubuhi, kabla ya kubeba furushi lake la vitenge, Mama Emérence alipiga magoti kando ya kitanda na kuomba kwa sauti. Aliwaombea ndugu waliobaki Bukavu, akamwombea mume wake na binti yao, kisha akamalizia kwa ombi lile lile la kila siku.

"Na duka, Baba. Duka dogo lenye mlango."

Mume wake, Guerschom, alikuwa mlinzi wa lango kule Muyenga na shemasi kanisani. Alikuwa akivaa viatu.

"Mama Emérence, Mungu hapangishi maduka," alisema.

"Basi nimwombe nani? Wewe?"

"Mali ni mtego. Tangu tufike Kampala nimewaona wengi wakipata pesa na kusahau njia ya kanisani."

"Na mimi nimewaona wengi wasio na kitu, na njia hiyo hawaijui vilevile."

Binti yao, Emérence, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliwasikiliza akinywa uji wake, na hakujua amwamini nani. Alichokijua vizuri ni miguu ya mama yake. Mama alipanda vilima kutoka kwao Namuwongo hadi Kabalagala na Muyenga, akibisha kwenye milango ya watu kuuza vitenge, na jioni Emérence alimwekea maji ya moto yenye chumvi kwenye beseni.

Mwezi wa tatu, mama aliteleza kwenye matope karibu na reli. Kifundo cha mguu kikavimba, akabaki kitandani. Juma hilohilo, mwenye kibanda kimoja sokoni alitangaza kwamba angehama mwisho wa mwezi. Kilikuwa kibanda cha mbao chenye mlango na kufuli. Atakayewahi kulipa ndiye angekipata.

"Kibanda kije juma hili hili, na mguu huu," mama alisema akiutazama uvimbe.

Siku mbili baadaye, Mzee Emile alifariki. Alikuwa baba yake Mama Darlène, kiongozi wa kwaya. Katika kanisa lao, wanakwaya wote huvaa kitenge cha aina moja siku ya kumzika muumini. Mama Darlène aliagiza vipande vinane vya waksi, kitenge kile kizuri ambacho rangi yake haitoki.

Mama Emérence alikuwa na vipande vitano tu vya waksi, amevitunza ndani ya sanduku kwa ajili ya siku atakayofungua duka. Vitenge hafifu alikuwa navyo vingi.

"Nenda umwambie hivi," alimwagiza binti yake. "Waksi haitoshi. Achukue hivi hafifu kwa bei yake ndogo, na kabla ya kushona aviloweke kwenye maji ya chumvi, kwa sababu vinatoa rangi. Umesikia? Usisahau chumvi."

"Nimesikia, Mama."

Njiani Emérence alipita kwa Adoch, fundi cherehani. Kila Adoch aliposhona kitenge cha waksi, alibandua lebo yake ya karatasi yenye maandishi ya dhahabu na kuibandika ukingoni mwa meza. Zilikuwa nyingi.

"Shangazi Adoch, naweza kuchukua lebo chache? Za kuchezea."

"Haya, chukua. Wewe mkubwa hivyo bado unacheza? Mwaka kesho utaniomba mdoli."

Emérence alichukua nane. Nyuma ya kibanda cha mkaa alizipaka gundi ya shuleni, akazibandika moja moja kwenye pindo za vitenge hafifu. Alijiambia kwamba mama alikuwa ameomba kwa miaka minne, na pengine hili lilikuwa jibu. Zaidi ya hayo, angetoa fungu la kumi. Kitu kilichotolewa fungu la kumi kimebarikiwa. Hivyo ndivyo alivyosikia kila Jumapili.

Mama Darlène alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake waliokuja kumfariji. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuvikunjua vitenge. Aliona lebo, akahesabu noti za bei ya waksi, akamshika Emérence shavu.

"Mwambie mama yako asante. Hata kwa mguu mbovu ametukumbuka."

Emérence alimpa mama yake bei ya vitenge hafifu. Pesa zilizobaki, za kusaidia kulipia kibanda, alizificha kwenye kopo la maziwa, akatenga sehemu moja ya kumi, akaitia ndani ya bahasha bila jina. Jumapili aliitumbukiza kapuni. Jioni, baba alirudi kutoka kuhesabu sadaka akiwa na uso wa furaha.

"Kuna mtu ametoa bahasha nene," alisema. "Bado kuna watu wanaomcha Mungu hapa Namuwongo."

Emérence aliinama akaendelea kuosha vyombo.

Jumanne walikwenda makaburini. Kwaya ilisimama katika nguo mpya za buluu, na jeneza la Mzee Emile lilikuwa limefunikwa shuka jeupe alilolidarizi marehemu mke wake. Wakati wa wimbo wa mwisho, wanakwaya waliweka mikono juu ya jeneza, kama ilivyo desturi yao. Hapo mvua ilianza.

Hakuna aliyeondoka. Mwanzoni Emérence aliona matone ya buluu yakidondoka kutoka kwenye mikono ya nguo za wale wanawake. Kisha viganja vyao vikawa buluu. Halafu rangi ikaenea juu ya shuka jeupe, juu ya maua yaliyodariziwa, ikatiririka hadi pembeni. Mama Darlène aliitazama mikono yake. Aliacha kuimba. Wengine nao waliacha, mmoja baada ya mwingine, na jeneza likashushwa kimya likiwa vile vile.

"Mama Emérence amekula mpaka msibani," mwanamke mmoja alisema nyuma. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini ilitosha.

Nyumbani, baba hakuvua hata koti lililolowa.

"Nilikwambia," alimwambia mke wake. "Hilo duka lako. Watu wanatuangalia kama wezi."

"Mimi nilimwambia avioshe kwa chumvi," mama alijibu. "Niliuza kwa bei ya hafifu."

"Mama Darlène anasema alilipa bei ya waksi. Anasema kulikuwa na lebo. Nani asadikiwe?"

Mama aligeuka akamtazama Emérence, na Emérence akajua kwamba mama yake ameelewa, na kwamba hatasema. Angelibeba jina hilo mwenyewe, kama alivyobeba furushi.

"Ni mimi," Emérence alisema. Alilileta kopo, akaliweka mezani, akaeleza kila kitu tangu lebo hadi bahasha. "Lakini nilitoa fungu la kumi, Baba. Nilidhani zingekuwa safi."

Baba aliketi.

"Ile bahasha nene," alisema polepole. "Na mimi niliifurahia. Sikujiuliza imetoka wapi." Hakusema tena habari za mtego.

Kesho yake mama alifungua sanduku, akatoa vile vipande vitano vya waksi. Kwa pesa za kopo, na nyingine alizoongeza baba kutoka mshahara wake, walinunua vingine vitatu mjini. Kibanda cha sokoni kilichukuliwa na mtu mwingine siku hiyohiyo. Walipita mbele yake wakiwa na furushi, mama akichechemea kwa fimbo, na tayari kulikuwa na kufuli jipya mlangoni.

"Mama, ulikosea kuomba duka?" Emérence aliuliza.

"Sikukosea. Nitaliomba na kesho." Mama alisimama kupumzisha mguu. "Kutaka mali si dhambi, mwanangu. Nataka ule vizuri na usome, na Mungu anajua. Lakini ulipokuwa unabandika zile lebo, ulikuwa unakiona kibanda tu. Mama Darlène hukumwona, naye alikuwa amefiwa. Tamaa inakuwa mbaya inapomfuta mtu aliye mbele yako. Na ukishamfuta mtu, hakuna sadaka itakayomrudisha."

Mama Darlène aliwapokea mlangoni. Emérence alisema maneno yake ya toba akiwa amepiga magoti. Mama Darlène alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alileta beseni la maji, akalowesha pembe ya kila kipande, akakisugua kwa leso nyeupe. Alifanya hivyo mara nane. Leso ilibaki nyeupe.

"Nimepokea," alisema. "Baba yangu amekwenda na ile rangi. Hiyo hamwezi kuibadilisha, na mimi siwezi kusema nimesahau. Lakini sitalisema tena jina la mama yako vibaya, na wanaolisema nitawanyamazisha." Alimgeukia Emérence. "Wewe, kila utakaponiletea kitenge, nitakilowesha kwanza."

"Ndiyo, Mama."

"Usikasirike."

"Sitakasirika, Mama."

Juma lililofuata, mama alipoanza tena kupanda vilima, Emérence alimsindikiza baada ya shule. Mama alibeba furushi. Emérence alibeba chupa ya maji na kitambaa cheupe, na kwenye kila mlango, kabla mteja hajauliza bei, alimwomba achague pembe ya kulowesha.