Unga wa Njano Kwenye Kikombe cha Ruthu

"Weka chini hicho kikombe!"

Mke wangu Anitha alishtuka kama mwizi. Kijiko mkononi... na kwenye kijiko, unga wa njano!

Alikuwa anaukoroga kwenye mwarobaini wa binti yetu Ruthu, miaka minne, mwenye homa tangu juzi.

"Nini hiyo?"

"Baba Ruthu, nisikilize... Nilimpeleka zahanati, wakampima, ana malaria. Hii ni dawa mseto. Ndiyo kwanza kanywa dozi moja."

Jamani, hasira zilinipanda! Mimi Lameck, mtoto wa Mkonze, ukoo mzima tumekua kwa mwarobaini. Hapa Ipagala majirani wanakuja na vidumu niwachotee. Leo mke wangu ananichafulia dawa na makemikali?

"Toka kwangu!"

"Natoka, ila na mwanangu."

"Mtoto ni wa ukoo wangu. Humgusi!"

Akakimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi, kwa ujanja wangu wa kijinga, nikampakia Ruthu kwenye bodaboda mpaka Mkonze kwa dada yangu Sidonia, mama yake asimpate. Simu nikazima.

Nikamnywesha mwarobaini asubuhi, mchana, jioni.

"Baba, chungu..."

"Kunywa, mama, utapona."

Siku ya pili akaacha kulalamika. Nikajisifu kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Siku ya tatu mchana, degedege! Macho juu, meno yamekaza. Sidonia ndiye aliyepiga kelele tukimbie hospitali.

Daktari alimfunika shuka mbele yangu.

Msibani nilijua Anitha atanirukia. Wala. Alikaa mkekani, macho makavu, akaniwekea mapajani pakiti nne tupu za dawa mseto.

"Hii ya Ruthu, mwaka juzi, uliposema mwarobaini wako umemponya. Hii ya mama yako, alipokuja masika. Hii ya Sidonia."

Nikamuuliza, "Na ya nne?"

"Yako. Mhudumu wa afya alikupima ukiwa unaweweseka. Nikakusagia kwenye kikombe siku tatu, maana ungekufa na ubishi wako. Ulipopona, ukajirekodi video."

Ndugu zangu... ile video! Nimeshika tawi la mwarobaini, nacheka, nasema malaria haina ubavu kwangu. Watu elfu sita waliisambaza.

Sijaja kutukana miti shamba. Nasema hivi: homa ikishika, kapime. Ukipewa dozi, imalize. Mtoto asisubiri ushindi wa baba yake.

Video nimeifuta, lakini bado inazunguka. Jana shemeji yangu wa Mtera kaikuta kwenye grupu la kwaya. Chini yake mtu kaandika, "Asante sana kaka, na mimi namnywesha wangu, leo siku ya pili."

Namba ya huyo aliyeandika haipatikani.

Kama ni wewe, acha kunisoma. Mbebe mtoto, nenda hospitali sasa hivi!