Nilimwambia Mama Ni Trela

Toka nje.

Maneno mawili tu. Ningeyasema, mama yangu angekuwa hapa leo akiniambia chai yangu haina majani.

Badala yake nilimwambia akae ndani...

Wasomaji wangu, msinihurumie kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni Amuron, wa Malaba, upande wa Kenya. Nauza chai na mandazi kwa madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda. Nyumba yetu ilikuwa nyuma tu ya barabara, ya matofali ya zamani, na mama yangu Akiteng alishinda humo kutwa kwa sababu ya goti.

Kama hujaishi kando ya barabara ile huwezi kuelewa. Trela ikipita, nyumba inatetemeka, vikombe vinalia. Mama alikunja vitambaa akavitandika chini ya kila kikombe kabatini. Mgeni akishtuka tunamcheka, tunamwambia ni trela, na maongezi yanaendelea.

Siku hiyo, kama saa tatu asubuhi, chai ilicheza kwenye kikombe cha dereva mmoja anaitwa Barnabas. Sekunde chache tu. Niliona, nikapuuza.

Simu ikalia. Mama.

"Amuron, nyumba inatingika. Na ukuta ya jikoni imetoa ufa."

"Ni trela, mama."

"Nitoke?"

"Na hiyo goti? Utaanguka bure kwa ngazi. Kaa ndani, nakuja saa sita."

Nikakata.

Nikaingia kwenye grupu letu la majirani kwenye simu, nikauliza kama wamesikia hiyo trela. Watu kama ishirini wakacheka na mimi. Mmoja akasema imebeba saruji, mwingine akasema ni mbili zimefuatana.

Mmoja tu hakucheka. Mwalimu Ilukor, mstaafu, mzee asiyeamini kitu hadi akiulizie mara mbili. Aliandika kwamba amepigia simu kituo cha kupima matetemeko, wamemthibitishia ni tetemeko la ardhi, kubwa zaidi linaweza kufuata, na wenye nyumba zenye nyufa watoke. Akaweka na namba ya kituo tujiulizie wenyewe.

Nilimjibu, "Mwalimu, shule ilifungwa."

Grupu zima likaangua kicheko. Nikajiambia watu ishirini hawawezi kukosea. Kumbe wale ishirini walikuwa wananirudishia neno langu mwenyewe...

Dakika kumi na moja baadaye ardhi ilinguruma.

Sufuria ya chai ilimwagika, nami nikaanguka kwa magoti. Nilipoinuka, vumbi lilikuwa linapanda upande wa kwetu.

Nilikimbia nikiita mama. Barnabas alikimbia nami, na ni yeye aliyeondoa matofali kwa mikono hadi kucha zikatoka damu.

Tulimkuta kwenye kiti chake, palepale nilipomwambia akae. Alikuwa ameshatutoka.

Jirani yetu Asekenye aliniambia alimwona mama amefika mlangoni na mkongojo wake, simu sikioni. Halafu akageuka, akarudi ndani.

Alirudi kwa sababu yangu.

Kabati lilikuwa bado limesimama. Vikombe vyote vizima, kila kimoja juu ya kitambaa chake. Nilivichukia vile vikombe, na bado ninavyo.

Msibani kila mtu alinifariji. Nani angejua, walisema, hapa kwetu kila siku ni trela. Nami nikaitikia kwa kichwa. Barnabas peke yake aliangalia chini.

Sasa niwaambie alichokuwa anakijua Barnabas.

Siku hiyo madereva walikuwa kwenye mgomo. Tangu alfajiri hakuna trela hata moja iliyosogea. Nilikuwa nimesimama katikati ya injini zilizozimwa, nawauzia chai watu waliokaa kwenye kivuli cha magari yao, huku namwambia mama yangu ni trela.

Na kuna sentensi moja ya mama sijawahi kumwambia mtu. Aliisema kabla sijakata simu. Niliisikia vizuri, ila kulikuwa na mteja anasubiri chenji.

"Lakini Amuron, leo sisikii injini..."

Siku hizi trela ikipita natoka nje. Hata kama nakula, hata kama naoga, natoka. Majirani wapya wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Ndugu zangu, ardhi ikitikisika na ukuta una ufa, ikitulia tu toka. Maswali utauliza ukiwa nje. Mmoja aliyepiga simu kwa wanaojua anawashinda ishirini wanaocheka. Na mtu wako akikuambia kuna kitu asichokisikia, geuka uangalie kwanza.

Mimi nilihitaji kugeuza shingo tu.