Si Unene, ni Maji

Tangu Waruguru, mke wa mwanawe Mbuthia, ajifungue mvulana, Shosho, nyanya wa mtoto, hakuwa na kazi nyingine ila kumlisha mama huyo. Asubuhi uji, mchana njahi, yale maharagwe meusi ya waliojifungua, jioni supu. Hapo mtaani Pipeline, ghorofa ya sita, majirani walipomwona Waruguru amejaa uso na miguu, walisema huyu mama ametunzwa kweli. Shosho akavimba kichwa.

Lakini Waruguru alipanda ngazi akihema. Akilala chali alikosa pumzi, ikabidi alale ameketi. Shosho alisema ni uchovu wa uzazi, utaisha tu.

Siku moja Norah, jirani yao ambaye ni muuguzi, alikuja kumwona mtoto. Macho yake yakaenda kwa mama. Aliubonyeza mguu wa Waruguru, na alipotoa kidole, shimo likabaki.

"Shosho, huu si unene," alisema. "Haya ni maji. Huenda ni moyo. Twende hospitali saa hii."

Daktari aliagiza picha ya moyo. Shosho alipoiona mashine akashangaa, mbona hiyo ni ya wajawazito, na mtoto ameshatoka? Daktari alimweleza kwamba inatumia mawimbi ya sauti, na haina sindano wala uchungu. Alimpaka Waruguru jeli kifuani, akapitisha kifaa, na moyo ukaonekana kwenye skrini ukipiga kwa unyonge, kwa shida.

"Kila ukipiga, moyo wenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo," alisema. "Huu unasukuma robo tu. Kwa hivyo maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Ugonjwa huu huwapata baadhi ya kina mama wakikaribia kujifungua au baadaye. Mngekawia, mngempoteza."

Shosho alishikwa na aibu, kisha woga.

Waruguru alilazwa, akaanzishiwa dawa. Nyumbani chumvi ikapunguzwa. Miezi ikapita, na picha ya pili ikaonyesha moyo unasukuma karibu nusu. Pumzi ilikuwa imerudi, ila dawa asiache. Kisha daktari akasema jambo zito: mimba nyingine inaweza kumuua. Ni lazima atumie njia ya kupanga uzazi.

Waruguru alilia. Kwao mvulana wa kwanza huitwa jina la babu yake, na msichana wa kwanza la mama wa baba yake. Mbuthia ndiye mtoto pekee wa Shosho, na msichana huyo Shosho alikuwa akimngoja kwa hamu.

Alimshika Waruguru mkono. "Jina langu acha liende na mimi," alisema. "Wewe baki, umlee huyu."