Nani Aliyechomoa Plagi?

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai na kwenda skuli, Nassra alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Alichukua ufunguo wa gari, akatoka nje ya nyumba yao ya Vuga, akakaa kwenye kiti cha dereva na kumsomea baba yake tarakimu za saa na za umeme kwenye kioo cha dashibodi. Baba yake, Bwana Msabah, alisikiliza dirishani huku kikombe kikiwa mkononi.

Gari hilo lilikula vyakula viwili, petroli na umeme. Usiku lilichajiwa kwa waya mrefu uliopitishwa kwenye dirisha la chumba cha mbele. Likijaa umeme, lilimfikisha Bwana Msabah na watalii wake mpaka msitu wa Jozani bila ya kuchoma petroli hata tone. Umeme ukimwishia njiani, injini ya petroli iliamka yenyewe na safari ikaendelea.

Maandishi ya kwenye kioo yalikuwa ya Kijapani, kwa kuwa gari lilitumika Japani kabla ya kuletwa Unguja. Aliyeliuza alimwonya Bwana Msabah asibonyeze asichokielewa, naye hakuruhusu mtu yeyote kukigusa kioo. Nassra alisoma tarakimu tu. Ile ya saa ndiyo iliyompa Bwana Msabah maringo. Magari ya wenzake yalionesha saa za Kizungu, lakini lake lilionesha 12:30 inapokuwa kweli saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Gari hili limezaliwa linajua Kiswahili!" alijisifu mbele ya madereva wenzake.

Msimu wa wageni ulipoanza, maringo yakaingia doa. Asubuhi nyengine umeme ulikuwa umejaa, nyengine ulikuwa nusu tu. Siku za nusu, injini ya petroli iliamka mara tu baada ya kupita Tunguu, nusu ya njia ya Jozani, na petroli aliyotarajia kuitumia wiki nzima ikamalizika mapema. Bwana Msabah alikishuku kiyoyozi, kwa kuwa huvuta umeme mwingi, akakizima na kuwaacha wageni wakitoka jasho. Akaacha kukimbiza gari. Fundi aliipima betri akasema ni nzima kabisa.

"Basi kama si gari, ni mtu," alisema Bwana Msabah. "Kuna mtu anachomoa plagi usiku."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikabadilika. Watu walisalimiana vizuri, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake mikono. Na macho ya wote, polepole, yaligeukia chumba cha mbele.

Katika chumba hicho alilala Junaid, mtoto wa kaka yake Bi Mwatum, mama yake Nassra. Kwao ni Makunduchi, na kwa kuwa alisoma chuo kikuu Tunguu, alikaa kwa kina Nassra siku za masomo na kurudi Makunduchi kila Ijumaa. Kabla hajaja, chumba kile kilikuwa cha Nassra. Hilo Nassra hakulisahau, ingawa hakulisema.

Tena dalili zote zilimwelekea Junaid. Alikuwa na kompyuta, pasi na birika la umeme. Alifunga mlango akisoma. Na kubwa kuliko yote, usiku wa Ijumaa na Jumamosi, anapokuwa hayupo, gari lilijaa vizuri. Akirudi tu, nusu!

Jumanne moja, Nassra alipita mlangoni akamwona Junaid ameinama karibu na plagi ya gari. Alipomwona, Junaid aliinuka haraka. Asubuhi yake umeme ulikuwa nusu.

"Nassra," baba yake alimwita.

"Naam, Baba."

"Jana umemwona mtu kwenye plagi?"

"Nimemwona Kaka Junaid."

"Umemwona akiichomoa?"

Nassra alikuwa na hakika ni yeye. Nani mwengine? "Naam," alijibu. "Nimemwona akiichomoa."

Junaid, aliyemwita mume wa shangazi yake Ami, alipoulizwa aliapa hakuigusa. "Wallahi Ami, nlikuwa naokota kofia yangu. Nichomoe ili iweje? Mbona kuna plagi nyengine?"

"Mtoto kakuona kwa macho yake," alisema Bwana Msabah. "Siku ya Ijumaa ukienda Makunduchi, beba vitu vyako vyote. Tutafute njia nyengine ya masomo yako."

Bi Mwatum hakula siku ile. Njia nyengine ilikuwa ipi? Makunduchi na Tunguu si jirani, na kaka yake hakuwa na uwezo wa kumpangia mtoto chumba. Junaid naye hakuzozana. Alipita barazani ameinamisha kichwa, na Nassra akajiambia kwamba hiyo ndiyo aibu ya mwizi. Skuli alimweleza rafiki yake Muzdalifa habari yote, na kila alipoisimulia ilinoga zaidi.

Lakini moyo wake haukutulia. Alitaka ushahidi ambao Junaid asingeweza kuukana. Alhamisi jioni, baada ya baba yake kurudi kwenye sala ya Isha na kuchomeka waya, Nassra aliingia chumba cha mbele akijifanya anatafuta daftari. Alifunga uzi mwembamba wa kushonea kutoka kwenye plagi mpaka kwenye swichi ya ukutani. Mtu akiichomoa plagi au akiizima swichi, uzi lazima ukatike. Kisha akaenda kulala, furaha tele.

Asubuhi alianza na gari. Umeme ulikuwa nusu. "Leo tumekukamata!" alisema peke yake, akakimbilia chumba cha mbele.

Uzi ulikuwa mzima. Fundo lilikuwa palepale alipolifunga.

Kwenye kona Nassra aliliona begi la Junaid limeshafungwa, na vitabu vimefungwa kwa kamba. Angeweza kuukata uzi ule akanyamaza. Hakuna aliyejua kwamba upo, na Junaid angeondoka saa chache zijazo. Aliushika uzi kwa vidole viwili.

"Baba! Mama!" aliita kwa nguvu kabla hajabadili nia. "Njooni mtazame!"

Walikuja wote, Junaid akiwa nyuma yao. Nassra aliwaonesha uzi, akaeleza alivyoufunga. Halafu akasema lile lililokuwa gumu zaidi, machozi yakimtoka. "Siku ile sikumwona akichomoa. Nlimwona ameinama tu."

Bwana Msabah alimtazama mwanawe, akautazama uzi, akalitazama begi. Aliyezungumza kwanza ni Junaid.

"Kama plagi haikuchomolewa, basi ni gari lenyewe limeacha kuchaji. Ami, nipe ruhusa nikitazame kile kioo. Simu yangu inatafsiri maandishi."

Kwa mara ya kwanza Bwana Msabah alikubali. Walikwenda garini. Junaid alielekeza kamera ya simu kwenye kioo, na maneno ya Kijapani yakageuka Kiswahili kwenye simu. Alifungua ukurasa mmoja, wa pili, mpaka akafika penye maneno haya: Muda wa kuchaji, kuanza 11:00 usiku, kumaliza 7:00 asubuhi.

"Mwenye gari wa mwanzo ndiye aliyelipangia hivi," alisema Junaid. "Likichomekwa linangoja saa zake."

"Saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi," alihesabu Bwana Msabah, akizigeuza saa za Kizungu kuwa za Kiswahili. "Usiku mzima huo. Ilitakiwa lijae! Sasa kasoro iko wapi?"

Nassra alichungulia simu juu ya bega la Junaid. Pembeni ya saa ya gari palikuwa na herufi ndogo ambazo hakuwahi kuzijali. Simu ilikuwa imezitafsiri.

"Baba, mbona hapa pameandikwa 1:00 mchana? Sasa hivi ni saa moja asubuhi. Saa moja ya mchana ndiyo ipi?"

Junaid alishusha simu, akaanza kucheka. "Ami, gari hili halijui Kiswahili! Hizi ni saa za Kizungu, tena za Japani. Saa hizi kwao ni saa saba mchana, wao wanaandika moja. Wametutangulia saa sita, ndo maana tarakimu zinafanana na saa zetu!"

"Kwa hivyo hiyo saa moja asubuhi ya kumaliza kuchaji…" alianza Bwana Msabah.

"Kwetu ni saa saba usiku. Ikifika hapo gari linajizimia, na plagi iko palepale."

Bwana Msabah alishika kichwa. Tangu msimu uanze, siku za kazi alirudi baada ya Isha, akachomeka saa tatu, na gari likapata saa nne tu. Ijumaa na Jumamosi alirudi mapema, akachomeka kabla ya Magharibi. Siku hizo ndizo Junaid alizokuwa Makunduchi. Hakuna aliyewahi kufikiri hivyo, kwa kuwa kila mtu alishampata mwizi wake.

Junaid alibonyeza mara mbili, akaufuta mpango ule. Tangu hapo gari likaanza kuchaji pale tu linapochomekwa.

"Junaid, mwanangu, nmekukosea," alisema Bwana Msabah, na hakulisema kwa kunong'ona. "Nlikuhukumu ndani ya nyumba yangu. Chumba ni chako mpaka umalize chuo. Unisamehe."

"Nishakusamehe, Ami," alijibu Junaid. Kisha akampita Nassra, akaenda kulifungua begi lake.

Nassra alibaki amesimama. Bi Mwatum alimshika mkono, akaketi naye barazani.

"Mwanangu, macho yako yalimwona mtu ameinama," alisema. "Hayo ndiyo uliyoyaona. Hilo la kuchomoa umelitia wewe, kwa sababu ulikuwa unamshuku, na labda kwa sababu ulikitaka chumba. Kumshuku mtu kunaweza kumpata yeyote, hata baba yako kumempata. Lakini ukiulizwa, sema ulichokiona, ukomee hapo. Uliongeza neno moja tu, na kwa neno hilo mwenzio alikuwa anafukuzwa."

"Nitamwomba radhi Kaka Junaid, Mama."

"Utamwomba. Na kila uliyemwambia kwamba yeye ni mwizi, utamwendea umwambie kwamba umesema uongo."

Nassra alimwomba Junaid radhi pale pale, naye akampa mkono. Skuli, wakati wa mapumziko, alimweleza Muzdalifa kila kitu tangu mwanzo, saa za Japani na uzi na uongo wake. Muzdalifa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini:

"Lakini kweli, Nassra, huyo kaka yako hakuichomoa hata siku moja?"

Nassra akavuta pumzi, akaanza kumweleza upya.