Miraji Hakuitikia Amin

Suhaila aliibiwa bangili ya marehemu mama yake, ndugu zake wakaita watu kusoma halbadiri, na mwanamume aliyempenda akakaa katikati ya watu hao akakataa kuitikia amin. Hilo ndilo tatizo. Kwa watu wa pwani, anayefunga mdomo wakati mwizi anaombewa mabaya ameshajitaja mwenyewe.

Walijuana sokoni Mgandini, Jumamosi asubuhi, mikono yao yote miwili ikiwa juu ya fungu moja la ndimu. Ndimu zilikuwa zimeadimika wiki ile. Suhaila alivaa baibui na ushungi wa zambarau, na hina ilimpanda kutoka kwenye kucha hadi viwikoni, maana kazi yake ni kuchora maharusi na mikono yake ndiyo tangazo lake. Miraji alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, bisibisi imechomoza mfukoni.

"Kaka, nimeshika mimi kwanza."

"Umeshika ndimu moja ya juu. Mimi nimeshika fungu."

"Za nini kwako?"

"Nina chewa nyumbani, ananingoja."

"Na mimi nina bibi harusi ananingoja, na hina bila ndimu haikolei. Sasa nani aaibike, bibi harusi au samaki?"

Miraji akaondoa mkono. "Chukua. Ila samaki wangu atalalamika, na mimi nitampa namba yako akulalamikie mwenyewe."

Muuza ndimu alicheka. Suhaila alijizuia, lakini alipoiona ile bisibisi akauliza kazi yake. Fundi friji. Friji lake lilikuwa linavuja maji tangu mwezi uliopita. Namba akaitoa, akijiambia ni kwa ajili ya friji.

Ikawa miezi minane ya simu. Miraji alipiga mchana, akiwa amekaa juu ya mtungi wake wa gesi nje ya duka la mtu.

"Umekula, mchoraji wangu?"

"Nimekula. Wewe umeswali Adhuhuri?"

"Nimeswali."

"Umeniombea nini?"

"Sikukuombea kitu."

"Miraji, mtu gani anainua mikono halafu haombi?"

"Mimi nasalimia. Nashukuru, nanyamaza kidogo, naondoka. Hali yangu anaijua. Nikianza kumsomea orodha nitamfanya mwenye duka."

"Mimi namwomba mpaka sindano nikiipoteza."

"Anakupa?"

"Naipata."

"Unaipata kwa sababu umeitafuta."

"Na hamu ya kutafuta nimepewa na nani? Hata Alhamdu ina ombi ndani yake, fundi. Wewe una kiburi tu. Hata chumvi huombi kwa jirani."

Kuhusu chumvi alisema kweli. Chumvi ikimwishia, Miraji alikula samaki chapwa kuliko kugonga mlango wa pili.

Shaaban ikaingia, mwezi ambao watu wa Tanga huoana kwa haraka kabla ya Ramadhani, na friza ya Suhaila ikafa. Hina huhifadhiwa kwenye baridi, isipoteze rangi. Miraji akaja Nguvumali, nyumbani alikoishi Suhaila na shangazi yake, Bi Hasina, Mpemba aliyehamia zamani na kuleta majani ya hina toka Wete kila mwaka. Walishusha mifuko yote ya unga wa hina wakaipanga kwenye mkeka. Mingine ilikuwa imepasuka. Suhaila akavua bangili akaiweka mkekani, unga usijae kwenye nakshi zake, akaanza kuihamishia hina kwenye mifuko mipya na kuifunga. Kufika Alasiri friza ilikuwa inanguruma. Miraji alikunywa juisi ya ukwaju, akamtania Bi Hasina kwamba friza yake ina sauti nzuri kuliko ya Suhaila, mwanawe wa kumlea, akaaga.

Magharibi bangili haikuonekana.

Walitafuta siku mbili. Ya tatu Khatib, kaka yake Suhaila, aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa ameliweka tumboni.

"Nani mgeni aliingia humu?"

"Miraji si mwizi," Suhaila alisema.

"Basi halbadiri haitamgusa. Tusome."

Suhaila hakuona kasoro katika hoja hiyo. Aliiamini dua. Aliona kwamba Miraji akija, akaitikia amin mbele ya watu, mdomo wa Khatib utafungwa moja kwa moja na njia ya posa itakuwa nyeupe. Akampigia.

"Njoo Alhamisi baada ya Alasiri. Tunasoma halbadiri."

Upande wa pili ikasikika bisibisi ikiwekwa chini.

"Upo?"

"Nipo. Suhaila, tukatafute tena. Nitakuja na tochi, nitang'oa hata sakafu."

"Tumeshatafuta. Njoo ukae na watu, itikia, basi. Kwa ajili yangu."

Akaja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushona. Sebule ilijaa. Mwalimu alisoma majina ya watu wa Badiri, ubani ukafuka, kisha ikaja dua yenyewe: aliyechukua mali hii usingizi umkimbie.

"Amin," watu wakaitikia.

Tumbo lake livimbe.

"Amin."

Macho yake yapofuke.

"Amin," alisema Suhaila kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti, akimtazama Miraji kupitia kwenye upenyo. Mikono ya Miraji ilikuwa magotini. Mdomo wake haukucheza mara zote tatu. Khatib alimwona. Bi Hasina alimwona.

Kisomo kilipokwisha, Suhaila alimfuata Miraji mpaka kwenye ukuta wa nje.

"Umenifanya nini?"

"Baba yangu alisomewa kule Moa," Miraji alisema. "Mashine ya boti ya mtu ilipotea. Baba aliitikia amin kuliko wote. Miezi miwili baadaye miguu ikamvimba. Ilikuwa sukari, lakini nani alisikiliza? Kijiji kizima kikaacha kuja kwetu. Alizikwa na watu tisa. Mashine ikapatikana ng'ambo ya mpaka, aliyeiuza hata hatumjui."

"Miezi minane hujaniambia."

"Ningekwambia ili unionee huruma?"

"Ningekuelewa. Leo ungeitikia tu kwa mdomo."

"Nimwombee mtu upofu ili nikuoe wewe? Dua si fimbo, Suhaila."

"Dua ni haki ya aliyedhulumiwa. Mimi nimedhulumiwa. Ile bangili niliivua mkononi kwa maiti ya mama yangu."

"Najua."

"Nenda, Miraji."

Hakuamini kwamba Miraji ameiba. Hakuamini pia kwamba hajaiba. Aliizuia namba yake, akarudi ndani kukunja mikeka.

Siku kumi na mbili baadaye Miraji alikuwa anajaza gesi kwenye friza ya duka moja la soda. Mpira wa gesi ukachomoka, baridi yake ikampiga kwenye jicho la kushoto. Hospitali walijitahidi wiki nzima. Jicho likaenda.

Khatib aliileta habari hiyo wakati wa chakula. Hakuonekana kufurahi, na hilo lazima lisemwe. "Imejibu," alisema, akasukuma sahani.

Suhaila aliinuka akaenda chumbani. Mjini habari ilitembea kwa miguu yake. Nani amruhusu ndani fundi aliyepigwa na halbadiri? Simu ya Miraji ikanyamaza. Jirani yake Praxeda, mama wa Kikatoliki anayeuza uji mlangoni pake, alimwambia waziwazi, "Mimi nakusalia rozari kila siku, mwanangu, na sisemi ulichukua wala hukuchukua. Uji wako huu hapa." Ni yeye peke yake aliyekuja na bakuli bila kuchungulia jicho.

Ramadhani nzima Suhaila alikwenda tarawehe na hakuomba kitu. Alipoinua mikono alisikia sauti yake mwenyewe nyuma ya pazia ikisema amin. Kama ni Miraji aliyeiba, mbona moyo wake haukutulia? Na kama siye, ile dua yake ilikwenda wapi?

Tarehe ishirini na nane ya Ramadhani wanawake wa mtaa walijaa uani kungoja hina ya Idi. Suhaila akatoa mfuko mkubwa chini kabisa ya friza, ule wa majani ya Wete aliokuwa akiuwekea siku hiyo. Akaukata, akaumimina kwenye beseni. Unga wa kijani ulishuka, na katikati yake kikaanguka kitu kizito.

Wanawake wakainamia beseni. Bangili ilikuwa imejaa unga kwenye nakshi zote.

Bi Hasina ndiye aliyetangulia kuzinduka. "Weye nenda," alisema. "Hina nitachanganya miye."

Khatib alikuwa mlangoni. Alimpisha bila kuinua macho.

Suhaila alimkuta Miraji chumbani kwake, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne, mlango wazi, akizipanga skrubu kwenye kopo kwa kuzipapasa. Pamba nyeupe ilimfunika jicho. Suhaila alikuwa na gauni la kazi, kanga imemtelezea mabegani, mikono yote ina unga. Akaiweka bangili sakafuni kati yao.

"Ilikuwa ndani ya hina. Niliifunga mwenyewe."

Miraji aliigeuza, akaipuliza. "Kumbe ulikuwa unaihifadhi kwenye baridi isiharibike."

"Usinitanie. Nimesema amin juu ya macho yako."

"Ulisema juu ya macho ya mwizi."

"Mwizi hakuwepo. Mbele yangu ulikuwa wewe."

Miraji aliirudisha bangili chini. "Nisikilize. Ule mpira ulikuwa mkuukuu. Nilijua tangu Rajabu. Fundi mwenzangu anao mpya, na duka lake liko hapo ng'ambo ya barabara. Niliona aibu kumwomba aniazime. Hiyo ndiyo dua iliyonitoa jicho."

"Nikikuamini nitakuwa najisamehe kwa bei rahisi."

"Basi usijisamehe. Tubebe nusu kwa nusu."

Suhaila alilia, akajifuta kwa mkono, uso ukawa wa kijani. Miraji alitaka kucheka, akaacha.

"Nikwambie kitu," alisema. "Hospitali niliomba. Nilikuwa sijaomba tangu baba azikwe, lakini niliomba."

"Uliomba jicho."

"La. Jicho nilishajua limekwenda. Niliomba uje."

"Wiki tano zimepita."

"Sikumwekea tarehe."

Hapo Suhaila alicheka, huku analia. Hakujua kama ameletwa na dua ya Miraji au na mfuko wa hina, na akaona si lazima ajue siku hiyo.

"Na sasa naomba tena," Miraji akasema. "Kwako. Nataka nikuoe."

"Hilo si ombi, hiyo ni taarifa."

"Nakuomba, Suhaila."

"Na chumvi kwa Mama Praxeda utaomba?"

"Nitaomba. Na mpira nitaazima."

"Mimi nina langu kwanza. Walioitikia amin walikuwa watu thelathini na mmoja. Nitapita kwa kila mmoja nimwambie bangili imeonekana na wapi imeonekana. Nikimaliza wa mwisho, ndipo uje na wazee wako."

"Utaaibika."

"Nitaaibika. Khatib nitamchukua, aaibike pamoja na mimi."

Idi pili wakaanza. Katika nyumba ya kwanza Suhaila alishindwa kusema, na Khatib ndiye aliyesema, "Tulimsomea mtu asiye na kosa." Nyumba zilizofuata walipokezana.

Walioana mwisho wa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Suhaila bado anaomba kila kitu, mpaka sindano, isipokuwa baya la mtu. Miraji bado anasalimia tu, ila siku hizi husimama kidogo zaidi kabla ya kuinuka, na akiulizwa aliomba nini, husema hayo ni yake.

Gharama ya halbadiri ile ilikuwa hii. Siku arobaini na saba bila kusemezana. Wateja kumi na wanne waliomwacha Miraji, watano ndio waliorudi. Nyumba thelathini na moja, na mlango mmoja ambao haukufunguliwa mpaka leo. Bangili ya mama, ambayo Suhaila ameifunga kwenye kitambaa na hajaivaa tena. Jicho moja, la kushoto.